Upande wa Juu, Upande wa Chini: Miaka Ishirini na Sita ya Bwana Pantaleo Maduhu

Alhamisi, tarehe 28 Novemba 1957. Asubuhi mawingu mazito upande wa Geita, joto la kunata, mvua haijashuka.

Keshokutwa, Jumamosi tarehe 30, Bwana Pantaleo Maduhu atarudisha funguo za maabara na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali yetu ya mgodi kwa miaka ishirini na sita, miezi minane na siku kumi na mbili. Hesabu hiyo nimeitoa katika kitabu cha watumishi na kuihakiki mara mbili. Kamati ya sherehe imeniomba kurasa chache za kuchapwa katika ratiba, kwa kuwa mimi, karani wa maabara, nimefanya kazi naye chumba kimoja tangu mwaka 1949. Walisema ziwe za furaha. Zipo za furaha, nazo nitaanza nazo.

Bwana Pantaleo alizaliwa Ibadakuli, Shinyanga, kabla ya vita vya Mjerumani. Aliandikwa kazi hapa tarehe 18 Machi 1931, akiwa mchimba makaburi na mwangalizi wa chumba cha maiti. Kipimo chake kilikuwa kamba ya katani yenye mafundo, ambayo aliitundika begani hata siku asizokuwa na kazi. Wagonjwa walipomwona akipita wodini walikunja miguu chini ya blanketi, wasije wakapimwa kabla ya wakati. Yeye mwenyewe alisema hakuna mtumishi aliyeponya watu wengi kuliko yeye, kwa sababu kila alipoingia, waliolala waliketi.

Alijifunza kusoma na kuandika katika darasa la dini, akiwa mtu mzima mwenye watoto watatu. Mwandiko wake ni wa herufi kubwa, zilizosimama wima kama nguzo za boma.

Mwaka 1946 alikuja Daktari Ferris na sanduku la darubini. Aliwakuta wodini wanaume waliokatwa mikono na baruti, ambao walisema mkono usiokuwepo bado unawauma. Mmoja alidai vidole vimekunjamana na hawezi kuvikunjua. Mwingine alihisi maji ya moto. Daktari hakuwacheka. Aliamini kwamba jibu limo katika ubongo, katika eneo linalopokea habari za mguso, ambako kila kiungo kina mahali pake: pa uso, pa mkono, pa mguu. Chembe za eneo hilo zimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui. Alitaka kujua nyuzi hizo zinakuwaje mkono ukishaondoka. Na kwa kuwa habari za mkono wa kulia hupokelewa upande wa kushoto wa ubongo, na za kushoto upande wa kulia, angeweza kulinganisha pande mbili za mtu yule yule.

Kwa kazi hiyo alihitaji mtu asiyeogopa maiti, mwenye mkono usiotetemeka, na anayeweza kuzungumza Kisukuma na wagonjwa na ndugu zao, ili kuomba ridhaa yao. Mtu huyo alikuwa tayari kwenye orodha ya malipo ya hospitali, na kamba yake begani.

Wengi wenu mmepita mbele ya mlango wetu miaka yote bila kujua tunafanya nini ndani. Bwana Pantaleo aliutoa ubongo wa marehemu aliyeridhia, akaukata nusu mbili, kisha kutoka kila nusu akachukua kipande cha mraba mahali pa mkono. Vipande vilikatwa vyembamba kwa kisu cha mashine na kulowekwa katika maji ya fedha, ambayo hufanya nyuzi zionekane nyeusi. Kisha alivibandika kwenye vioo vidogo, akakaa kwenye darubini na kuzichora kwa kalamu ya wino, uzi mmoja mmoja, wapi unatoka na wapi unagusa mwenzake. Mchoro mmoja ulimchukua wiki tano au sita. Vidole vyake viliingia weusi usiotoka kwa sabuni yoyote, na mnaviona hivyo hadi leo.

Mwaka wa kwanza kazi ilikwama. Joto liliharibu dawa na vioo vikatoka vyeusi tititi kama masizi ya chungu. Daktari aliagiza jokofu, likachelewa miezi kumi na moja. Bwana Pantaleo alileta mtungi wa mkewe, akaujaza mchanga, akaulowesha, akazika chupa ndani na kuufunika gunia bichi. Asubuhi ya tatu nyuzi zilionekana. Jokofu lilipofika lilitumika kuhifadhi maziwa ya wodi ya watoto, mtungi ukaendelea na kazi.

Baada ya maji ya fedha vilifuata matone machache ya maji ya dhahabu, ili rangi isififie. Habari hiyo ilifika Nyarugusu kabla ya Jumapili. Mnunuzi mmoja alikuja na mizani yake mfukoni, akitaka kununua dhahabu ya mzee anayeiyeyusha hospitalini. Bwana Pantaleo alimkaribisha kwa heshima zote, akamwonyesha kioo kwenye darubini. "Dhahabu yote imo humo," alimwambia, "ndani ya kichwa cha mchimbaji. Ichukue ukiweza." Mnunuzi hakumalizia chai yake.

Hapo mambo ya kuchekesha yanaishia. Yaliyobaki yeye mwenyewe alitaka yaandikwe. Nilimwuliza mara mbili.

Mwaka 1951 alilazwa hapa mama aliyeitwa Nyamizi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekatwa na mashine ya kukoboa mpunga huko Kahama, miaka miwili kabla. Mumewe alipata kazi mgodini, akamleta. Kidonda kilikuwa kimepona kabisa, lakini mkono usiokuwepo ulimnyima usingizi. Wauguzi waliweka katika chati yake safu ya saa alizolala, na siku nyingi safu hiyo ilikuwa tupu. Alisema mkono bado umeshika mpini wa mashine na hauachii.

Wagonjwa wengine walikunja miguu Bwana Pantaleo alipopita. Nyamizi aliinyoosha.

"Shikamoo, mpima watu," alimwambia. "Umekuja na kamba?"

"Marahaba, mayu. Leo nimeiacha. Wewe mrefu, ningehitaji mbili," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Nyamizi alicheka hadi akakohoa. Tangu siku hiyo Bwana Pantaleo alipita kitandani kwake kila asubuhi, akiwa na shughuli wodini au hana. Huko ndiko alikosikia jambo lililomsumbua Nyamizi kuliko maumivu yenyewe. Mawifi zake walisema anajisingizia. Mkono haupo, utaumaje? Walisema anaumwa na uvivu wa kutwanga, na mumewe alikuwa ameanza kuwaamini.

Daktari alipoomba ridhaa yake, Nyamizi alimjibu Bwana Pantaleo kwa Kisukuma, naye akanitafsiria niandike. Fomu ninayo mbele yangu. "Nikifa nifungueni mtazame. Mkiona kitu, mwambieni binti yangu Sikujua. Msipoona, mwambieni vilevile. Msimfiche."

Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 9 Agosti 1952. Daktari Ferris alikuwa likizo kwao Ulaya kwa miezi sita. Bwana Pantaleo alifanya kazi yote peke yake: alitoa, alikata, alichukua vipande, akaandika vibandiko. Nyamizi alikuwa mwanamke wa kwanza katika kazi yetu, na hakufuata mwingine. Waliobaki ishirini na wawili walikuwa wanaume.

Daktari aliporudi alilinganisha vioo na kitabu changu cha kumbukumbu za maabara. Kwa wanaume wote, upande uliokuwa ukipokea habari za mkono uliokatika ulikuwa na nyuzi chache, zilizonyauka. Kwa Nyamizi, upande wa kushoto ulikuwa mzima kabisa. Upande wa kulia ulikuwa dhaifu, lakini hilo Daktari alilihesabu kuwa kazi ya homa. Alifurahi kama mtu aliyeokota jiwe lenye mshipa wa dhahabu. Aliandika katika taarifa yake kwamba kwa mwanamke, kupotea kwa mkono hakuacha alama.

Bwana Pantaleo alitimiza ahadi. Machi 1953 alipanda lori hadi Kahama, akamkuta Sikujua kwa shangazi zake, akamwambia mbele yao, kwa sababu hawakutaka kuondoka, kwamba tumetazama na hatukuona kitu. Aliniambia baadaye kwamba mmoja wa shangazi alipiga kigelegele. Sikujua alisema asante, akaenda kuteka maji.

Sasa nieleze kosa, nami nimo ndani yake.

Nilipoanza kazi mwaka 1949, vibandiko vya Bwana Pantaleo havikuwa na neno kulia wala kushoto. Aliandika JUU na CHINI. Nilimwuliza juu ni wapi. Alijibu bila kuinua kichwa kwenye darubini: "Kushoto." Nikafungua ukurasa wa kwanza wa kitabu, nikaandika JUU = KUSHOTO, CHINI = KULIA, nikapiga mistari miwili chini yake kwa rula. Kwa miaka minane sikuuliza tena. Mimi ni mtu wa Bukoba, nilisoma kwa masista, na makaburi ya huku sikuyajua.

Bwana Pantaleo aliwaandika marehemu kama alivyowazika. Kwa desturi ya kwao, mwanaume hulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia, hivyo kushoto kwake huwa juu. Mwanamke hulazwa kwa ubavu wa kushoto, na juu yake ni kulia. Kwake yeye jambo hilo halikuhitaji kuelezwa, kama ambavyo hakuna anayeeleza mlango ni wa kutokea pia.

Jumanne, tarehe 12 Februari mwaka huu, tulikuwa tukiandika orodha ya vitu vyote vya maabara, kwa sababu ilikwisha kuamuliwa kwamba itafungwa. Yeye alisoma vibandiko, mimi niliandika. Tulifika kwa Nyamizi.

"Nyamizi, juu," alisoma.

Nikaandika, na kama ilivyo tabia yangu nikarudia kwa sauti: "Nyamizi, kushoto."

Hakusoma kibandiko kilichofuata. Nilidhani anatafuta kioo kingine.

"Apolonia, huyo ni mwanamke."

"Najua, mzee."

"Basi mbona unamlaza kiume?"

Nilifungua ukurasa wa kwanza, nikamwonyesha ile mistari miwili. Aliisoma taratibu kwa kidole, herufi kwa herufi. Kisha alivua miwani na kukaa juu ya sanduku la vioo, jambo ambalo alikuwa amelikataza kwa kila mtu. Ule upande mzima tulioandika kushoto ulikuwa kulia. Ule ulionyauka, tuliousingizia homa, ndio uliokuwa ukipokea habari za mkono wake.

Nilimwambia maneno ambayo sijivunii. Nilimkumbusha kuwa imebaki miezi tisa astaafu. Taarifa ilikuwa imekwisha kwenda Ulaya, na jina lake limo katika ukurasa wa shukrani, Pantaleo Maduhu, mchoraji. Daktari alikuwa ameandika barua ya kumwombea nishani, na nakala yake niliipiga chapa mimi. Nyamizi alikuwa amekufa karibu miaka mitano. Nani angeuliza?

"Nimemwambia mtoto wa watu kwamba mama yake alikuwa mwongo," alijibu. "Tena mbele ya shangazi zake."

Kesho yake asubuhi alikwenda ghalani, akarudi na machupa mawili makubwa ya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, yenye zile nusu mbili za ubongo wa Nyamizi, kila moja na shimo la mraba. Nusu ya ubongo ni kama kiatu. Ukiishika unajua ni ya upande gani. Aliiweka mezani kwa Daktari ile iliyoandikwa JUU. Daktari aliigeuza mara moja mkononi. Aliigeuza tena. Kisha akaniomba kitabu.

Hakufoka. Alikaa na kitabu kile hadi saa saba mchana bila kula. Alipotoka alituuliza jambo moja tu, kama wale wanaume ishirini na wawili wote walizikwa kiume. Bwana Pantaleo alisema ndiyo, na machupa yote yalitolewa ghalani na kugeuzwa moja moja hadi ilipothibitika. Jioni hiyo Daktari aliandika barua ya kuikanusha taarifa yake mwenyewe. Barua ya nishani ilirudi kwenye jalada. Haikutumwa, na leo ndiyo maana katika ratiba yenu hakuna nafasi ya kuvishwa chochote.

Mchoro wa zamani ulikuwa umekwenda na taarifa, na vioo vyake vilikwisha kufifia. Ilibidi kukata upya kipande kilichobaki na kuchora upya. Jicho la kushoto la Bwana Pantaleo lilikuwa na ukungu tangu mwaka uliotangulia, na la kulia lilianza kulifuata. Daktari alijitolea kuchora mwenyewe. Bwana Pantaleo alikataa. Alifanya kazi kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, wakati mwanga wa dirisha la mashariki ni mzuri, na saa zote zilizobaki alikaa nje amefumba macho, akiyatunzia kesho. Alianza tarehe 4 Machi, akamaliza tarehe 17 Mei. Siku ya mwisho aliniomba nimwelekezee kalamu mahali pa kuandika jina la marehemu. Aliandika NYAMIZI, na chini yake, kwa mara ya kwanza, KUSHOTO.

Nimeuona mchoro huo. Nyuzi ni chache, zimekatikakatika, baadhi zimeinama kuelekea mahali pa uso kama zinazoomba habari kwa jirani.

Daktari Ferris aliondoka Juni kwa ndege kutoka Ibadakuli, mchoro ukiwa ndani ya bomba la bati alilolishika mwenyewe. Oktoba tulipata barua yake fupi. Wachapishaji walimjibu kwamba masahihisho yatatolewa nafasi ikipatikana. Hadi leo ninapoandika haijapatikana. Huko Ulaya, kwa wanaosoma mambo hayo, mkono wa Nyamizi bado haukuacha alama.

Amri ya kufunga maabara ilisema mabaki yote yachomwe tanuruni. Bwana Pantaleo alikwenda kwa mganga mkuu, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaomba ayazike. Alipewa ruhusa kwa sharti asichukue vibarua. Alichimba siku tatu mfululizo, mtu wa miaka sitini, akipapasa kingo kwa mkono kwa sababu hakuziona vizuri. Tuliwaandikia ndugu wa marehemu wote ishirini na watatu. Waliokuja kwa maziko, Jumamosi iliyopita, walikuwa saba. Wa mwisho kufika alikuwa Sikujua, sasa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kwa lori la mpunga kutoka Kahama.

Bwana Pantaleo alimweleza pale pale kando ya kaburi, mbele ya watu, kama alivyomweleza mara ya kwanza. Alisema tuliandika vibaya. Alisema kosa ni letu. Hakutaja homa wala joto wala likizo ya Daktari.

Sikujua alimwuliza: "Kwa hiyo mkono wake mliuona?"

"Mkono hatukuuona, mwanangu. Tuliona njia uliyokuwa ukipitia. Imekufa, kama njia ya ng'ombe kwenda kwenye lambo lililokauka. Lakini ipo, nimeichora."

"Na ndiyo iliyokuwa ikimuuma?"

"Hilo Daktari hajui. Mimi pia sijui. Ninachojua, hakujisingizia."

Sikujua hakusema asante safari hii. Alimshusha mtoto, akampa Apolonia, yaani mimi, kisha akashuka kaburini mwenyewe kupokea.

Wanaume ishirini na wawili walilazwa kwa ubavu wa kulia, kila mmoja katika kisanduku chake. Nusu mbili za Nyamizi zilifungwa pamoja katika kitambaa kimoja, zikageukiana kama zilivyokuwa. Bwana Pantaleo alizielekeza kwa vidole vyake vyeusi, akamwambia Sikujua ageuze kidogo, kidogo tena, hadi zikalala kwa ubavu wa kushoto.

Maabara yetu itakuwa stoo ya mashuka kuanzia Jumatatu. Mtungi, Bwana Pantaleo atakwenda nao nyumbani. Mkewe ameudai kwa miaka kumi na moja.

Bwana Pantaleo, watumishi wenzako tunakushukuru. Umetufundisha kuloweka, kukata na kuchora, na umetufundisha pia kurudi kwa mtu tuliyemwambia vibaya. Nenda salama Ibadakuli. Mvua ikukute shamba limelimwa, wajukuu wakusomee yale ambayo macho hayawezi tena, na kila atakayekuona ukipita anyooshe miguu bila hofu. Siku zako zote zilizobaki ziwe njema.

Uliomba jambo moja tu lisomwe siku ya sherehe, mstari wa daftari langu wa Jumamosi iliyopita. Nauandika kama ulivyo.

Jumamosi, 23 Novemba 1957. Asubuhi manyunyu, udongo laini. Mama Nyamizi amelala saa nne na dakika ishirini.